Mtumiaji wa Ngazi ya Kwanza

Kwenye fomu tuko watatu.
Afisa Mwidhinishi: Bwana Ormerod,
mwenye nyumba hii ya wazee na nyingine mbili,
ambaye tangu Januari anaidhinisha akiwa Ureno;
kwenye simu namsikia, na nyuma yake maji ya bwawa.
Mtu wa Mawasiliano: Desmond Tranter,
aliyeacha kazi Machi, akaenda Skegness
kuuza nyumba za magurudumu.
Barua za Wizara bado zinamfuata Desmond,
zinalala kwenye sanduku asilolifungua mtu.
Wa tatu ni mimi, Mtumiaji wa Ngazi ya Kwanza.
Ngazi ya kwanza, utadhani ndiyo naanza kupanda.
Lakini nenosiri ninalo mimi,
na kwenye ngazi hii anayeteleza si mimi.

Glenys, karani wa mishahara,
miaka kumi na tisa ndani ya chumba cha dirisha moja
linalotazama mapipa na reli ya Cleethorpes.
Nilipewa siku moja ya mafunzo, biskuti, na kabrasha.
Ukurasa wa kumi na nne:
mfanyakazi uliyemfadhili akikosekana
siku kumi za kazi mfululizo, bila ruhusa,
toa taarifa.
Kabrasha halisemi ukishatoa yeye anakwenda wapi.
Labda limo kwenye kabrasha la mtu mwingine.

Jumatatu Bwana Ormerod akapiga.
"Yule Sheeja. Leo ya kumi na moja. Mtoe."
Mtoe. Kama jino.
Kama pipa la Alhamisi.

Nikafungua ratiba.
Wiki ya kwanza, saa thelathini na tisa.
Ya pili, kumi na mbili.
Ya tatu na ya nne jina lake lipo,
visanduku ni vyeupe pe.
Hakutoroka mtu. Zamu ndizo zilizomtoroka,
tangu aulize habari ya zile pauni elfu tisa
alizomlipa wakala kule Kottayam
kwa kazi ambayo sheria inasema haiuzwi.
"Mpunguzie mpaka anyamaze," barua pepe ilisema.
Na aliyempunguzia ni mimi,
kwa kidole hiki, nikinywa chai.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Niliubeba mwezi mzima sikusikia uzito.

Chumba namba sita yuko mama yangu.
Alifungasha samaki miaka thelathini,
hakumbuki jina langu kila siku,
lakini nywele zake hazijaguswa wiki mbili:
anamngoja yule wa kitana, anasema,
yule mwenye mikono ya moto.

Jioni nikaenda, nyuma ya kiwanda cha barafu.
Sheeja Kurian akafungua mlango.
Simu iko kwenye chaji. Sare imepigwa pasi,
imetundikwa kwenye mpini wa dirisha.
"Nilijua mmenisahau tu," akasema,
akaanza kuvaa viatu.

Na leseni ikianguka? Haitamwangukia Ormerod bwawani.
Itamwangukia Rejith wa zamu ya usiku,
na Tendai, na dada wawili wa jikoni,
watu kumi na wanne, na watoto wao shuleni.
Hili nimelipima. Halikupimika.

Jumanne, saa tatu kasoro, nikaingia kwenye mfumo.
Sababu ya taarifa: chagua.
Ametoroka. Amejiuzulu. Amefariki.
Nyingineyo.
Nikaandika: mwajiri amemnyima saa za kazi.
Nikaambatisha ratiba, na ile barua,
na chini, penye jina la mtoa taarifa, langu,
na pale palipouliza nani aliyebadilisha zamu,
langu tena.
Una uhakika? mfumo ukauliza.
Mfumo haujawahi kuniuliza hivyo kuhusu mishahara.

Nikabonyeza.
Ahsante. Majibu yatatumwa
kwa Mtu wa Mawasiliano.

Nikampigia Desmond.
Alikuwa anamwonyesha mteja jiko.
"Subiri kidogo," akasema, "Glenys, subiri,"
nami nikasubiri, nikisikia
mlango wa kijumba ukifunguliwa, ukifungwa,
na mtu akiuliza kama watu wanne watalala humo.